Kijakazi Hakukosa Mwamko: Amri ya 1897 na Suala la Ardhi

Uhakiki wa Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), riwaya ya Adam Shafi, umejenga mazoea mabaya: kumshitaki Kijakazi. Hudaiwa kwamba mtumishi huyu humtii kabaila kwa ujinga, ati hajapata mwamko wa kitabaka. Hukumu hii ni nyepesi, tena haimtendei haki mwandishi.

Yafaa ikumbukwe kwamba utumwa ulifutwa Unguja na Pemba kwa amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed mwaka 1897, miaka 67 kabla ya Mapinduzi. Kwa karatasi, Kijakazi ni mtu huru. Lakini amri ile haikumpa mtumwa hata shina moja la mkarafuu. Ilimtaka aende mahakamani kuudai uhuru wake, na akishaupata athibitishe kuwa ana makazi na njia ya kujikimu, ama sivyo atangazwe mzururaji. Fidia alilipwa bwana. Masuria waliachwa nje ya amri hadi 1909. Basi aliyeachiwa huru angekwenda wapi? Wengi walibaki shambani mle mle, wakipalilia mikarafuu ya bwana ili waruhusiwe kujenga kibanda na kupanda muhogo chini ya miti isiyo yao. Utii wa Kijakazi ni kodi ya nyumba. Anayeuita kasumba ameichungua nafsi ya mhusika akaisahau ardhi anayoikanyaga. Riwaya yenyewe inashuhudia: Kijakazi anabadilika, tena polepole, baada ya shamba kumtoka Mwinyi Fuad.

Ajabu ni kwamba wahakiki walioshiba nadharia ya Kimarx, ambao 1917 haiwatoki mdomoni, huiruka 1861. Mwaka huo Alexander II aliwaachilia wakulima wa Urusi waliokuwa mali ya mabwana. Hao angalau walipata ardhi, ila kwa malipo ya miaka 49, na deni lilifutwa 1907. Mwaka huo huo utumwa ulipigwa marufuku katika pwani ya Kenya. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ikawatambua wenye mashamba, na waliokuwa watumwa wakageuka maskwota.

Na aliye Nairobi hana haja ya kwenda pwani kuliona jambo hili. Ashuke Adams Arcade, katika Ngong Road, atembee kidogo kuelekea kusini hadi Kibera. Wanubi wa hapo ni wazao wa askari ambao wengi wao walitekwa Sudan, wakafanywa watumwa wa kijeshi, kisha wakaingizwa katika jeshi la Mwingereza. Walianza kukaa Kibera mwaka 1904 hivi. Mwaka 1918 eneo hilo, ekari zipatazo 4,197, lilitangazwa hifadhi ya kijeshi. Walipeleka madai yao mbele ya Tume ya Ardhi ya Carter katika miaka ya 1930, wakaambiwa kuwa ni wapangaji wanaokaa kwa ridhaa ya Taji. Walipigana katika vita vya wakubwa, ardhi ikazidi kumegwa, mitaa ya nyumba ikajengwa juu yake. Hati ya jumuiya waliipata Juni 2017: ekari 288.

Mhakiki anayemwona Kijakazi mjinga na aende akawaeleze wazee wa Kibera kwamba karne nzima walichokosa ni mwamko.