Sauti Yangu Si Mali ya Mwenye Vyombo

Kama una mjomba aliyepata kucheza dansi DDC Kariakoo enzi zile, basi umeshaambiwa: vijana wa siku hizi hawajui gitaa, wanabonyeza vidude vya Kijapani kwa mguu. Nimeambiwa hivyo mara nyingi mno, hata na watu ambao kitu pekee walichowahi kupiga ni pasi. Leo najibu. Na nikimalizana na wazee nitawageukia vijana wenzangu, maana nao wana lao.

Mimi asubuhi napara samaki hapo Feri. Ijumaa na Jumamosi usiku nabeba maspika na kuvuta nyaya kwa bendi moja ya baa ambayo sitaitaja. Katika mfuko wa plastiki nina kaunta buku yenye riwaya isiyokwisha. Mie si mpiga gitaa basi, ila nimekaa miaka miwili nyuma ya mpiga solo wa bendi hiyo, na namwita kaka ingawa hatukuzaliwa tumbo moja.

Mashine aliyokuwa akipigia ni Zoom 505 ya mtumba, ile iliyotoka mwaka 1996, yenye nafasi 24 za kuhifadhia sauti. Mali ya mwenye vyombo, kama ngoma, kama maiki, kama nyaya ninazovuta. Kaka alikaa na kile kidude miezi. Kwanza alitengeneza sauti chumbani kwake kwa hedifoni, ikawa tamu kama asali. Alipoifikisha ukumbini ikamezwa na besi na ngoma, hakuna aliyeisikia. Akaanza upya, safari hii pale pale ukumbini, saa kumi za jioni kabla watu hawajaja. Mwangwi mfupi unaorudi mara moja tu. Korasi kidogo. Ukwaruzo karibu hakuna. Na kile kizuia kelele akakishusha sana, maana kikipanda kinakata mkia wa noti, na rumba bila mkia wa noti ni kuku aliyenyonyolewa. Jioni moja umeme ulikatika kabla hajabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kazi ya saa mbili ikaenda na maji. Wala hakutukana, alikaa juu ya spika akavuta sigara gizani.

Tangu siku hiyo nikawa namwandikia. Kila namba anayoiweka naiandika kwenye kaunta buku, katikati ya riwaya yangu. Wenzetu walianza hivyo hivyo. Mwaka 1978 Dave Smith wa Marekani alipotoa kinanda cha Prophet-5, kilichoweza kukumbuka sauti 40, wapigaji wengi wa vinanda vya umeme walikuwa bado wanachora vitufe vyao kwenye karatasi ili kesho waipate tena sauti ya leo. Mwaka huo huo wa 1978 hapa Dar ilizaliwa Mlimani Park. Nani alidhani mambo haya mawili yatakuja kukutana kwenye baa?

Sasa wazee. Mnasema enzi zenu sauti ilikuwa vidoleni. Nakubali! Tena nakwenda mbali zaidi yenu. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na vyombo vilikuwa vya chama. Mlimani Park ilikuwa ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC. Super Matimila, aliyoipa sifa marehemu Remmy Ongala, hata jina lake ni la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo. Fikirini hilo: mwanamuziki anaimba dunia nzima, na jina la bendi ni la mwenye spika! Lakini mwaka 1985 Hugo Kisima alipounda International Orchestra Safari Sound, Muhidin Gurumo na Abel Balthazar waliondoka Mlimani Park na kila walichokuwa nacho kooni na vidoleni. Vyombo vikabaki, wenyewe wakaenda. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga ya mwanamuziki wa nchi hii, kinga pekee.

Kinga hiyo imetobolewa. Leo nusu ya sauti inakaa ndani ya kiboksi, na kiboksi kina mwenyewe.

Kaka alidai malipo ya wiki tatu. Bosi akamwambia kama hataki aache, sauti imo kwenye mashine na mashine ni yake. Hivyo hivyo, mbele yetu sote. Jumamosi iliyofuata akaletwa kijana mwingine. Kaka alikuwa nje, kwenye jiko la mishkaki, amekuja kufuata hela yake. Kijana akabonyeza kwa mguu, benki ya kwanza, nafasi ya pili, na ile sauti ikatoka. Ile ile! Vidole vilikuwa vya kubahatisha, sikatai, lakini watu waliinuka wakacheza. Wazee wangu, mnaosema kila kitu ni vidole, ningetamani mngekuwapo mkamwangalia yule mtu usoni.

Eti kuna sheria. Ipo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inamjua mtunzi na inamjua mtumbuizaji. Namba za vitufe vya Zoom haimo. Kwa hiyo ninachosema hapa hakingoji Bunge: mpiga gitaa asiondoke mazoezini bila kuandika namba zake. Mwenye mashine mpya inayounganishwa na kompyuta avute nakala. Mwenye ya zamani apige picha kioo kwa simu, namba moja moja. Na aandike alipigia amplifaya gani na gitaa gani, maana namba zile zile kwenye amplifaya nyingine zinatoa sauti nyingine.

Vijana wenzangu, msicheke, zamu yenu imefika. Wengi wenu mnanunua mashine Kariakoo, mnafika nyumbani, mnapiga nafasi ya kwanza ya kiwandani mpaka mnazeeka. Sauti zile zimewekwa zikuvutie dukani: mwangwi kama uko pangoni, ukwaruzo kama msumeno. Ni za kuuzia mashine. Zamani mtu akishuka basi alijua kwa mbali kama ni Sikinde inapiga au Msondo. Leo nikipita baa tatu nadhani ni bendi moja inayonifuata.

Na nyie mnaoleta hadithi kwenye kurasa hizi, mnadhani siwaoni? Mvua ya manyunyu, msichana mrembo wa chuo, mjomba tajiri mwenye roho mbaya, ajali ya gari sura ya mwisho. Nafasi ya kwanza ya kiwandani! Mie mwenyewe sura yangu ya kwanza niliianza na mpelelezi anayewasha sigara kwenye ukumbi wa hoteli, mie ambaye hoteli naijua kwa mlango wa jikoni, napeleka changu. Nimeichana. Sasa inaanzia mnadani, saa kumi na mbili asubuhi, na mtu anayegombana na mizani. Haijawa nzuri bado, ila nikiisoma najua nilikuwapo.

Turudi kwa bosi. Wiki mbili baada ya yule kijana kuanza, alitaka kubadili kitu kidogo, akahifadhi vibaya, akaifuta nafasi ya pili. Hakujua hata amefanya nini. Bosi amenitafuta mpaka Feri, na viatu vyake vyeupe, kwenye maji ya samaki.

"Dogo, wewe una lile daftari. Elfu ishirini."

Nikamwambia, "Mzee, lipa kwanza zile wiki tatu za kaka."

Akaondoka. Juzi ametuma mtu, imefika elfu arobaini. Nikampelekea kaka habari nikitegemea atanisifu, naye akanyamaza, kisha akasema, "Uza tu, mdogo wangu, tugawane. Kodi imenifika shingoni."

Sijauza. Ukurasa upo, kati ya sura ya nne na ya tano, na bosi amesema atarudi Ijumaa.