Huyo Mbwa Hacheki

Video yangu iliyowahi kutazamwa zaidi ilikuwa ya mbwa. Sekunde kumi na mbili tu. Bosco, mbwa wa ploti yetu hapa Kisauni, amekaa nyuma ya wavu wa kibanda chake, mdomo wazi, ulimi umening'inia mpaka chini ya kidevu. Nikaweka muziki, nikaandika, "Bosco ana furaha kuliko nyinyi nyote Jumatatu hii." Watu wakacheka, mimi nikawa nahesabu watazamaji. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa Februari, na Mombasa ya Februari mnaijua. Soja alipoingia kazini saa kumi na moja alimkuta Bosco amelala ubavu, mate mazito mdomoni, hata mkia hautikisi. Kabla ya magharibi alikuwa ameshakufa.

Video niliifuta. Lakini ile picha naiona kila nikitembea mtaani, nyuma ya kila geti lenye bango la "Mbwa Kali", kwa hivyo leo wacha niseme.

Kumfungia mbwa wa ulinzi ndani ya kibanda cha mabati kutoka asubuhi mpaka jioni, hapa Pwani, ni ukatili. Msiniambie ati mbwa wa Afrika amezoea. Na nasema hivi nikijua nilipita mbele ya kibanda kile kila siku mwaka mzima, na nilichofanya ni kurekodi.

Kuna kitu nilikuja kuelezwa na daktari wa mifugo wakati nishachelewa. Wewe ukishikwa na joto unatoka jasho mwili mzima, likikauka unapoa. Mbwa hana hiyo. Jasho lake linatoka kwenye nyayo, na ni kidogo sana, halimsaidii kitu. Anachotegemea ni kutweta. Anavuta na kutoa hewa haraka haraka, inapita juu ya ulimi na ndani ya pua ambako kumelowa, yale maji yanageuka mvuke na kuondoka na joto. Ulimi ndio rejeta yake. Mbwa akitoka kukimbia atatweta dakika kadhaa kisha atulie, hiyo ni sawa. Lakini mbwa ambaye amelala tu, hajafanya lolote, na anahema kama ametoka mbio za marathoni? Huyo hacheki, watu wangu. Huyo ameanza kushindwa.

Sasa leta hiyo rejeta Mombasa. Msimu wa kaskazi hewa inajaa unyevu mpaka nguo uliyoanika kivulini inagoma kukauka. Kama nguo haikauki, ulimi wa mbwa utakaukaje? Anatweta lakini hapoi, na kule kutweta kwenyewe ni kazi ya misuli, kunamwongezea joto. Halafu umemweka ndani ya mabati, jua la saa sita linapiga juu, hewa haizunguki, na maji yaliisha saa nne. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2. Likifika 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Hesabu mwenyewe. Nafasi aliyo nayo ni kama nyuzi mbili, jameni.

Bosco alikuwa German Shepherd, manyoya tabaka mbili, mbwa tunayempenda kwa sababu sura yake inatisha wezi. Wenye pua fupi kama pug na bulldog wana taabu zaidi, maana hata njia ya hewa ni finyu. (Na usikimbilie kumnyoa German Shepherd mpaka ngozi. Yale manyoya yanamkinga jua. Mchane utoe yaliyokufa, basi.)

Mwenye ploti wetu ni mzee ninayemheshimu, na hoja yake nimeisikia tangu nikiwa mdogo: mbwa akizunguka mchana atazoea watu, usiku hatabweka. Manze, mimi nimeishi hapo. Bosco akifunguliwa usiku alikuwa anakunywa maji kama ngamia halafu anajilaza kwenye simiti ya baridi kando ya tangi. Soja aliniambia siku ile, "Kijana wangu, huyu mbwa mimi ndiye nilikuwa namlinda." Mbwa aliyepikwa kutwa nzima atafukuza mwizi gani?

Kuna majirani pia waliniambia wao mbwa hawamshiki, ni najisi. Sawa, sina ubishi na dini ya mtu. Lakini hao hao wanajua ile hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakipandisha kwa meno ili kumnywesha mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Kujaza karai la maji na kuliacha hapo si kumshika mbwa.

Kinachoniuma ni kwamba vitu vyenyewe ni vya bei ya chini. Makuti juu ya yale mabati. Toa bati la ubavuni uweke wavu ili upepo upite, au sogeza kibanda chote chini ya mwembe. Makarai mawili ya maji, mazito yasipinduke, yakae kivulini. Ukimtembeza, iwe alfajiri au jua likishazama, na kabla ya kumpitisha kwenye lami weka mgongo wa mkono wako hapo uhesabu mpaka saba. Ukishindwa wewe, hata nyayo zake zitaungua.

Na akianguka, tafadhali msifanye tulichofanya sisi. Tulimfunika Bosco blanketi lililolowa tukamwacha hapo tukitafuta namba ya daktari, tukadhani tumesaidia. Blanketi likishapata moto linafungia joto ndani. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji ya bomba mwili mzima, hasa tumboni, kwapani na miguuni, mmpepee bila kuacha, mrudie tena na tena. Akiweza kunywa anywe mwenyewe, msimmiminie mdomoni. Mkishaanza kumpoza ndipo mmpeleke kwa daktari, hata kama amesimama na anaonekana mzima, kwa sababu figo zinaweza kukataa baadaye. Dalili za mapema ni fizi kuwa nyekundu sana, mate kuwa mazito, kuyumba, kutapika. Bosco nadhani alikuwa nazo nyingi kwenye ile video. Mimi nilikuwa nachagua wimbo.

Kenya kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Mtaani kwetu sijawahi kuona mtu akiulizwa chochote.

Wiki iliyopita mwenye ploti alileta mbwa mwingine, mtoto wa miezi mitano. Kibanda ni kile kile. Nimemwambia makuti nitanunua mimi, soja amesema atapanda kuyafunga Jumamosi, na wapangaji wawili wamekubali kupokezana zamu ya maji mchana. Tunachomwomba mzee ni ruhusa tu. Alisema atafikiria. Leo saa saba nimepita hapo, yule mdogo alikuwa amelala ubavu kwenye kona, ulimi nje. Nimempelekea maji, simu nikaiacha mfukoni.