Kabla ya Kuchimba Msingi

Mkaaji wa Lubumbashi apendaye kujua upepo wa mji wake wavuma kutoka wapi, na aende upande wa Penga Penga akatazame ardhi. Tangu mwaka 1911, tanuru za shaba zilipoanza kuwaka, upepo wa kusini-mashariki ulichukua moshi wenye kiberiti na vumbi la madini, ukavitupa upande ule. Miti ikafa, mvua zikachukua udongo wa juu, pakabaki uwanda mtupu. Moto wa tanuru zile ulikwisha kuzimwa, lakini shaba na risasi zingali udongoni, nazo jamaa nyingi zimejenga papo hapo na kulima mboga.

Tanuru ilipojengwa, hapakuwa na sheria ya kumlazimisha mwenye kazi kuuliza kwanza moshi utakwenda wapi. Marekani iliweka sheria ya namna hiyo mwaka 1969 tu. Kwetu Kongo, Sheria Namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 yaagiza kwamba kazi yo yote iwezayo kudhuru mazingira ichunguzwe kabla ya kuanza. Taarifa ya uchunguzi hupelekwa kwa Shirika la Mazingira la Kongo, liitwalo kwa kifupi ACE, lipate kuikagua.

Uchunguzi huo hufanywaje? Kwanza, mahali hupimwa jinsi palivyo: maji ya visima na mito, udongo, upepo, nyumba, mashamba na makaburi. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kisima kisipopimwa leo, kesho kikiharibika mtaambiwa kwamba kilikuwa hivyo tangu zamani. Pili, madhara na manufaa hukadiriwa: ajira, vumbi, maji machafu, watu watakaohamishwa. Tatu, huandikwa njia za kupunguza madhara. Tena Sheria ya Madini, iliyorekebishwa mwaka 2018, yamtaka mchimbaji aweke dhamana ya fedha za kutengeneza ardhi atakapoondoka, na apatane kwa maandishi na wenyeji juu ya mambo atakayowafanyia.

Kuna wanaosema, “Hayo ni makaratasi, sisi twataka kazi.” Hatuwalaumu, maana baba asiye na mshahara ana haki ya kuutafuta. Lakini mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wakaao karibu na machimbo na viwanda vya madini huku Katanga walikuwa na kobalti nyingi mno katika mkojo wao. Mshahara hupokewa na mmoja. Vumbi huvutwa na nyumba nzima.

Ndiyo sababu sheria yaagiza pia kwamba wananchi waulizwe kabla ya ruhusa kutolewa. Siku hiyo wazazi wasikae nyumbani. Na waulize: Kisima chetu kilipimwa lini, wakati wa mvua au wa kiangazi? Mvua kubwa ikijaza bwawa la maji machafu, yatatokea wapi? Anayehamishwa atalipwa kabla ya kuhama, au baadaye? Mpimaji aliyetoka mbali hajui kwamba kijito fulani hufurika, wala kwamba akina mama huchota maji hapo. Wenyeji wasipomwambia, halitaandikwa. Anayenyamaza kwa kuwa amepewa mfuko wa unga amekula chakula cha mwezi mmoja kwa maji ya miaka mingi.

Nanyi wanafunzi, mna sehemu yenu. Taarifa hizi huandikwa kwa Kifaransa, nazo ni nene. Wasomeeni wazazi wenu sehemu zinazotaja mtaa wenu, mwandike maswali yao, na kuweka nakala ya majibu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ukuta waweza kujengwa tena kwa mwaka mmoja. Udongo wa Penga Penga haujapona hata sasa.