Kasuku hafi ghafla, jamani!

Joto la huku Maskati halisemeki, lakini leo sikuja kulalamikia joto. Leo nimekuja na ugomvi.

Kuna maneno mawili nimechoka kuyasikia, huku na huko kwenu: "Kafa ghafla." Kasuku wa jirani yangu hapa, kafa ghafla. Kasuku wa shangazi huko Unguja, kafa ghafla, tena watu wakaongeza kuwa kapigwa jicho. Jicho lipi, jamani? Jicho lililokosekana ni la mwenye ndege!

Kasuku ni ndege anayewindwa. Porini, anayeonekana mnyonge ndiye anayenyakuliwa kwanza, kwa hiyo maumbile yake ni kuficha maradhi. Anajikaza, anachezea mbegu, maganda yanaanguka, na sisi tunasema huyo mzima. Siku mnayomkuta chini ya tundu, kajitutumua manyoya, kafumba macho mchana kweupe, msidhani ndiyo kwanza ameanza kuumwa. Hiyo ni siku aliyoshindwa kuendelea kuficha. Pengine anaumwa wiki kadhaa.

Najua mtaniambia, "Sisi si madaktari." Haya, niambieni lipi kati ya haya linataka udaktari:

Mtazame anavyopumua. Mkia ukipanda na kushuka kila pumzi, au anapumua mdomo wazi akiwa ametulia, hiyo ni hatari.

Tazama kinyesi chake kila asubuhi. Cha kawaida kina sehemu tatu: ya kijani au kahawia, nyeupe, na maji kidogo. Sehemu nyeupe ikigeuka manjano au kijani, au ukiona damu, pana jambo.

Mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki, uandike. Kasuku wa kijivu wengi wana gramu 400 hadi 500. Akipungua gramu 50 huwezi kuona kwa macho, manyoya yanafunika, mizani haidanganyiki.

Na msemaji akinyamaza siku mbili, acheni kusema "kanuna".

Sasa chakula. Alizeti peke yake mwaka mzima si mapenzi, ni kumuua polepole. Ina mafuta mengi, haina vitamini A ya kutosha wala kalsiamu, na kasuku wa kijivu akikosa kalsiamu huweza kuanguka kwa degedege. Karoti, boga, mchicha, pilipili hoho, vyote mnavyo sokoni. Parachichi na chokoleti ni sumu kwake, hata kama anaomba.

Hapa kwenye udi nitagombana na wengi, hasa wa huku. Nyumba inafukizwa mpaka watu hawaonani, na ndege yumo humohumo sebuleni. Mapafu ya ndege yameungana na vifuko vya hewa mwilini, moshi unamdhuru upesi kuliko sisi. Fukizeni, lakini mtoeni kwanza. Na vile vikaango visivyogandisha chakula, kikisahauliwa mtupu juu ya moto mkali, mvuke wake huua ndege kwa dakika chache. Hicho nakubali ni kifo cha ghafla, lakini nacho kina sababu, na sababu iko jikoni.

Akiumwa, mnafanya nini? Wengi mnakimbilia vidonge vya rangi mbili mlivyobakiza, mnavikoroga kwenye maji. Acheni! Dozi hamuijui, ugonjwa hamuujui. Mwekeni peke yake pahali pa joto na utulivu, kama nyuzi 30 hivi, mbali na kiyoyozi na feni. Akianza kuhema, punguzeni joto. Chakula na maji viwe karibu naye. Msimmiminie maji mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Kisha daktari, siku hiyohiyo, si baada ya Ijumaa. Tafuteni daktari anayewajua ndege tangu sasa, ndege akiwa mzima, maana si kila daktari wa mifugo anawajua.

Na hili si la ndege peke yake. Kuna ugonjwa wa kasuku unaowapata watu kwa kuvuta vumbi la kinyesi chake kilichokauka. Unaanza kama mafua: homa, kichwa, kikohozi kikavu, halafu unashuka mapafuni. Unatibika, lakini daktari wa watu lazima aambiwe kuwa nyumbani mna ndege. Wangapi mnasema?

Mwisho, kwa wale wanaosema "akifa tutanunua mwingine". Kasuku hawa wa kijivu asili yao ni misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, na wamekamatwa mpaka mwaka 2016 mataifa yakakubaliana, kwenye mkutano wa Johannesburg, kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wa porini. Ndege anayeweza kuishi miaka 40 na zaidi anakufa kwenu akiwa na 6, halafu mnasema ni kazi ya Mungu?

Asiye na dakika tano za kumtazama ndege kila asubuhi, asifuge. Afuge saa ya ukutani, nayo inasema.