Kurani ya jua Kasongo na Kabambare: kabla ya kununua plake ya pili, angalia paa

Katika Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, plake ya jua ndiyo inayowasha taa, kuchaji telefone na kusikilizisha redio katika nyumba nyingi. Kurani ikipungua, watu wanalaumu batri ama muuzaji, kisha wanatafuta dola za plake nyingine. Lakini mara nyingine tatizo liko juu ya manjanja: plake imefungwa upande wa paa usiofaa.

Maelezo mengi kutoka nje yanasema plake iangalie kusini. Ni kweli kwa Ulaya na Uchina, sababu kule jua la saa sita linapita kusini. Huku ni tofauti. Kasongo na Kabambare ziko kusini ya ikweta, kwenye digrii 4 na nusu hivi. Tangu mwezi wa tatu mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi, jua la saa sita linapita kaskazini. Miezi inayobaki linapita kusini, lakini hiyo ni miezi ya mvua na mawingu.

Hasara inategemea mwinamo wa paa. Mwishoni mwa mwezi wa sita, jua la saa sita linakuwa digrii 28 kaskazini ya utosi. Kwenye paa kali la digrii 30, plake ya upande wa kusini inapata saa hiyo karibu nusu tu ya mwangaza unaofika upande wa kaskazini. Paa likiwa na digrii 10, hasara ni kama sehemu moja kwa sita.

Paa linaloangalia mashariki na magharibi si baya. Upande wa mashariki unavuna jua la asubuhi, mbele ya mvua ya mchana kuanguka. Na kivuli cha mwembe, hata kwenye kipande kidogo cha plake, kinaweza kuharibu kuliko yote hayo.

Kujua kaskazini hakuombi mashine: ukitazama jua linapochomoza, ni mkono wa kushoto. Paa likikataa, vyuma vya kuinua plake, karibu ilale kabisa, vinatosha. Na upepo unaopita chini yake unapunguza joto, ambalo nalo linakula kurani.

Kwa kituo cha afya, tofauti hiyo ni taa ya mama anayezaa usiku. Kugeuza plake ni kazi ya asubuhi moja. Kununua nyingine ni akiba ya miezi.