Tovuti ya Chama: Kiunzi Kizima au Skripti Chache?



Katika mkutano wetu uliopita lilizuka swali ambalo halikumalizika: tovuti ya chama ijengwe kwa njia gani? Wako waliotaka kiunzi kizima, na wako waliosema skripti chache zatosha. Nasi twapenda kutoa rai yetu kabla fedha za chama hazijatoka sandukuni.

Kwanza yafaa tufahamu maneno yenyewe. Skripti ni programu ndogo iwekwayo katika seva. Mtu afunguapo ukurasa, hufanya kazi yake na kuutoa. Lugha ya PHP, aliyoianzisha Rasmus Lerdorf mwaka 1994, ilianza kwa kazi ndogo za namna hiyo. Kiunzi ni nyumba iliyokwisha simamishwa nguzo na paa. Django, kwa mfano, kilichozaliwa katika gazeti la mji wa Lawrence, Marekani, na kutolewa kwa watu wote mwaka 2005, huja na mlango wa wanachama, ukurasa wa wasimamizi, na kinga ya hila nyingi za wezi.

Ikiwa haja yetu ni kutangaza bei ya karafuu na makonyo na siku za kupima tu, skripti yatosha. Hapana mtu anunuaye jahazi ili avuke kijito. Tena kiunzi chataka malezi: Django hupata toleo jipya kila miezi minane hivi, na hata matoleo yake ya muda mrefu huangaliwa miaka mitatu tu. Asipokuwapo wa kukipalilia, kitaota magugu kama shamba lililoachwa.

Lakini sisi twataka zaidi. Twataka kila mwanachama aingie kwa neno lake la siri, aone kilo alizouza na malipo yake. Hapo ndipo tuziogopapo skripti za kujibunia. Mwandishi akisahau mahali pamoja tu kuyatenga maneno ya mgeni na amri za daftari, mgeni huyo aweza kuisoma daftari nzima, hata kuibadili. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari isiyo na kufuli je?

Rai yetu, basi, ni hii: matangazo yaanze sasa kwa skripti. Daftari ya wanachama ijengwe juu ya kiunzi, lakini isifunguliwe mpaka vijana wawili wa chama wamekwisha fundishwa kuitunza. Mmoja akihama, mwingine abaki na ufunguo.

Twangoja maoni yenu.