Moyo wa Kujitolea Haufi kwa Posho

Kila malipo ya wahamasishaji wa afya ya jamii yanapochelewa katika kaunti za ziwani, mabishano yale yale huzuka redioni, kwenye matatu na katika mabaraza ya machifu. Wako wanaosema watu hawa walianza kwa kujitolea, majirani waliwachagua kwa utu wao, na tangu waonjeshwe pesa kazi imegeuka biashara. Wako wanaojibu kwamba utu haupeleki unga nyumbani. Pande hizi mbili zinagombana kwa ukali, lakini zinakubaliana katika jambo moja: kwamba pesa na moyo vimewekwa kwenye mizani, kimoja kikipanda kingine sharti kishuke. Jambo hilo ndilo ninalolipinga. Posho inayolipwa kwa wakati haimvunji mtu moyo. Kinachomvunja ni kupewa kazi asiyo na usemi juu yake, kufunzwa ujuzi kisha kunyimwa vifaa, na kuachwa peke yake mbele ya majirani wanaomdai majibu.

Suala hili linafaa kutazamwa kutoka Kisian. Hapa, kilomita chache kutoka mjini Kisumu, barabara inagawanyika, moja ikielekea Maseno na Busia, nyingine ikifuata upande wa ziwa hadi Bondo. Hapa pia ndipo kilipo kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, iliyoanza ushirikiano wake na CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, mwaka wa 1979. Majaribio makubwa ya vyandarua vilivyotiwa dawa, yaliyofanywa katika maeneo jirani ya Asembo na Gem katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, yaliisaidia dunia kuamini kwamba chandarua kinaokoa watoto. Kinachosemwa kwa nadra ni kwamba kazi ya namna hiyo hubebwa na wanakijiji wanaopita nyumba kwa nyumba, wakihesabu waliozaliwa na waliofariki, wakiuliza nani alilala chini ya chandarua usiku uliopita.

Asembo ina historia ya zamani zaidi ya hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mradi wa afya wa Saradidi ulioongozwa na Dkt. Dan Kaseje, vijiji vilichagua watu wao wenyewe wa kuwapa wagonjwa wa malaria dawa ya klorokwini, na watu hao walifanya kazi bila mshahara. Saradidi hutajwa sana na wanaopinga posho. Wanasema: mbona wale walifanya bila kulipwa? Lakini hebu tuangalie wale walikuwa na nini. Walichaguliwa na kijiji, wakawajibika kwa kijiji. Dawa ilikuwa mikononi mwao, si karatasi ya kumtuma mgonjwa kwingine. Kijiji kiliuona mradi kuwa chake. Ukiwaondolea hayo yote ukabakiza neno "kujitolea" peke yake, hujaiga Saradidi hata kidogo.

Saikolojia imelichunguza jambo hili kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka wa 1971 Mmarekani Edward Deci alichapisha jaribio lililoshangaza wengi: wanafunzi waliolipwa kutatua chemshabongo waliyokuwa wakiifurahia walipunguza hamu nayo malipo yalipokoma, kuliko wenzao ambao hawakulipwa kabisa. Kutokana na hapo yeye na Richard Ryan walijenga nadharia inayosema kila binadamu ana mahitaji matatu ya nafsi, popote alipo: kuwa na sauti katika anachokifanya, kujiona anakiweza, na kujiona ni mtu miongoni mwa watu. Mahitaji hayo yakitimizwa, msukumo wa kufanya kazi hutoka ndani. Yakinyimwa, mtu hufanya kazi kwa kusukumwa, na akikosa wa kumsukuma huketi.

Wanaosema posho huua moyo hupenda kuishia kwenye jaribio la 1971. Utafiti haukuishia hapo. Mwaka wa 1999 Deci, Ryan na mwenzao Richard Koestner walikusanya majaribio 128 na kuyachambua pamoja. Zawadi zilizoahidiwa kwa sharti la kufanya au kumaliza kazi fulani zilipunguza hamu ya ndani. Sifa njema za maneno ziliiongeza. Na malipo ambayo hayakufungwa na kazi yenyewe, yaliyotolewa tu kwa sababu mtu alikuwapo, hayakuonekana kuidhuru. Kwa hiyo swali la kuuliza ni pesa inamwambia nini anayeipokea: kwamba anaaminiwa, au kwamba anaongozwa kama ng'ombe wa plau.

Ukiacha Kisian ukafuata barabara ya Busia utafika mahali ambapo jambo hili lilipimwa kwa walimu na wanafunzi wetu wenyewe. Katika miaka ya 1990, Michael Kremer, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka wa 2019, na wenzake walifuatilia mpango uliotoa zawadi kwa walimu wa shule 50 za msingi katika wilaya za Busia na Teso kulingana na alama za mitihani za wanafunzi. Alama zilipanda. Lakini walimu hawakuhudhuria zaidi wala hawakutoa kazi zaidi ya nyumbani. Walichoongeza ni vipindi vya kuwaandaa watoto kwa mtihani. Mpango ulipokwisha, faida hiyo haikudumu. Miaka michache baadaye, katika wilaya hizo hizo, wasichana wa darasa la sita waliofanya vyema waliahidiwa karo na pesa za vifaa vya shule kwa miaka miwili. Safari hii, hasa Busia, alama zilipanda hata kwa wavulana ambao hawangepata chochote, na watafiti hawakuona dalili kwamba hamu ya kusoma ilipungua. Nionavyo mimi, tofauti iko hapa: mwalimu alizawadiwa kwa tarakimu iliyowekwa na wengine, msichana alisaidiwa kuendelea na jambo alilolitaka yeye.

Sasa turudi kwa mhamasishaji. Mnamo Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mpango wa wahamasishaji 100,000 nchini kote, wengi wao wanawake. Kila mmoja hukabidhiwa kaya zipatazo 100, simu ya kutuma taarifa, na mkoba wenye mashine ya kupima shinikizo la damu, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Posho ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Hiyo haifiki Sh170 kwa siku. Watu wa huku waliwaita wahudumu wa aina hii nyamrerwa tangu zamani, kabla ya Nairobi kuwashonea sare.

Tazama kazi yenyewe kwa karibu. Mtoto wa miezi kumi ana joto. Mama yake hana nauli ya bodaboda, na ni saa mbili usiku. Anaita ng'ambo ya ua: "Mama Atieno, hebu njoo umwone huyu, amechemka tangu mchana." Mama Atieno anavaa glavu, anasafisha kidole cha mtoto, anakichoma, anachukua tone la damu na kuliweka kwenye kipimo, anaongeza matone ya kile kimiminika cha kwenye kichupa, kisha anasubiri dakika 15. Wakati akisubiri anamfunua mtoto kifua na kuhesabu pumzi dakika nzima, kwa kuwa mtoto wa umri huo akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika huenda ana nimonia. Mistari miwili inatokea: malaria. Dawa ya malaria iitwayo AL iko mkobani. Anampa mama dozi ya siku tatu na kumweleza namna ya kuitoa, asubuhi na jioni, bila kuacha hata mtoto akipata nafuu. Mwanamke huyu alitoka shuleni mapema, na usiku huo amefanya kazi ambayo vinginevyo ingengoja zahanati ifunguliwe asubuhi. Hakuna posho inayoweza kuongeza wala kupunguza anachokihisi akiona mtoto yule anacheza uani baada ya siku tatu.

Halafu vipimo vinakwisha. Mkoba upo, sare ipo, ujuzi upo, lakini kisanduku ni kitupu. Jirani anaita, naye analazimika kusema, "Mpeleke zahanati." Mara ya kwanza wanamwelewa. Mara ya tatu hawamwiti tena, na kichochoroni anasikia kwamba wenye mikoba wanakula pesa ya serikali bure. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona jinsi vifaa na programu za malaria na ukimwi za kanda hii zilivyotegemea mkono wa mbali. Kama tunatafuta kinachoua moyo wa kujitolea, tuanze kwenye kisanduku hicho kitupu. Tumemfunza mtu kuweza, kisha tukamzuia asiweze, mbele ya watu wake.

Jambo la pili ni tarakimu. Simu ni chombo kizuri, lakini inageuka kuwa mnyapara pale inapopendekezwa malipo yafungwe na idadi ya kaya zilizotembelewa. Mtu anayekijua kijiji chake anajua kwamba msichana mwenye mimba ya kwanza anahitaji kutembelewa mara nyingi mwezi huu, na kwamba boma la vijana wenye afya linaweza kungoja. Ukimlipa kwa hesabu ya milango, atabisha milango iliyo karibu. Shirika la Afya Duniani liliona hatari hiyo. Katika mwongozo wake wa 2018 lilipendekeza wahudumu wa jamii walipwe kulingana na ukubwa wa kazi yao, na likashauri wasilipwe kwa kutegemea kabisa, au kwa sehemu kubwa, malengo yanayopimwa. Ni msimamo ule ule wa uchambuzi wa 1999, umeandikwa kwa lugha ya sera.

Na tuseme wazi ni nani anayeambiwa afanye kazi kwa moyo. Madaktari wa Kenya waligoma kwa siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017, na ingawa walilaumiwa, hakuna aliyependekeza wizara ifute mishahara yao ili wito wao usafike. Mwakilishi wadi haambiwi kwamba posho ya vikao itamwondolea upendo kwa wananchi. Moyo bila malipo hudaiwa kwa mwanamke wa kijijini anayeuza omena asubuhi na kupima watoto jioni. Naliona hilo kuwa dhuluma, hata linaposemwa kwa sauti ya kusifu.

Wapo wahamasishaji wanaopokea posho na hawaonekani, nami sitawatetea. Ipo pia hofu nyingine ambayo naiona nzito zaidi: palipo na Sh5,000 za kila mwezi, majina ya shemeji za wanasiasa huingia kwenye orodha. Dawa ya maovu hayo mawili ni moja, ile ya kuwajibika kwa kijiji kama Saradidi: waliomchagua mhamasishaji ndio wawe na uwezo wa kumwondoa, barazani, mchana kweupe, na orodha ibandikwe kwenye ukuta wa zahanati. Majirani wa kaya 100 wanajua vyema zaidi nani aliwatembelea kuliko simu yoyote.

Kwa hiyo kaunti ya Kisumu na majirani zake waziweke fedha za vipimo na dawa kabla ya fedha za mikutano ya uzinduzi. Nusu mbili za posho zifike siku moja, tarehe inayojulikana, pasipo kufungwa na hesabu ya milango. Na taarifa zinazopanda juu kwa simu zirudi chini. Mwanamke aliyetuma habari za kaya 100 ana haki ya kukaa kila mwezi na wenzake na afisa wao, aambiwe malaria imeongezeka wapi katika wadi yake, na aulizwe yeye kwanza, kabla ya mtaalamu yeyote, anadhani ni kwa nini na angependa kifanyike nini.